Olonana: laiboni aliyeandikwa chifu

Ndugu msomaji, siku hizi vijana wetu wanaotoka vyuo vikuu huja na furushi la maneno ya Kiingereza yanayohusu jinsia, utambulisho wa mtu na mila za jamii, wakatutaka sisi washairi na waandishi tuyatafutie Kiswahili. Kazi hiyo ni njema wala siipingi. Lakini kila nikiombwa tafsiri ya neno la namna hiyo hunijia kichwani mtu mmoja wa bara aliyefariki mwaka 1911, ambaye wengi wetu hapa pwani twamjua kwa kilele cha Mlima Kenya tu. Naye ni Olonana mwana wa Mbatian, ambaye Wazungu walimwandika Lenana. Katika maisha yake mna funzo kubwa juu ya maneno, kwani palitokea watu wakamwita jina ambalo kwao halikuwako, na jina hilo likaandikwa katika karatasi, na karatasi hiyo ikaondoka na ardhi.

Olonana alizaliwa katika mlango mkubwa wa uaguzi. Baba yake, Mbatian mwana wa Supeet, alikuwa laiboni mwenye sifa kuliko wote katika Umasai wa karne ya kumi na tisa. Sifa hiyo iliwafikia hata Wazungu, kwani Mackinder alipoupanda Mlima Kenya mwaka 1899 kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,199, kilipewa jina la Batian, na kile cha tatu, chenye mita 4,985, kikapewa jina la Lenana. Hivyo baba na mwana wamesimama juu ya theluji mpaka leo, na watalii wanaokanyaga kilele cha mwana hawaijui habari yake.

Laiboni ni nani? Hapa ndipo penye mzizi wa maneno yetu. Kwa Wamasai, laiboni ni mtu wa kuomba na kuagua. Huwaombea mvua, hutabiri ya mbele, hutoa dawa, na vijana wa vita, yaani morani, humwendea awabariki kabla ya kutoka. Sisi Waislamu tuna hukumu yetu juu ya ramli na uaguzi, nayo inajulikana; siizungumzi leo. Ninalotaka msomaji alishike ni kwamba laiboni hakuwa mtawala. Hakutoza kodi, hakukata kesi za kila siku, wala hakuwa na askari wake. Hapa kwetu tunamjua sharifu ambaye watu humwendea kuombewa dua, tena wakambusu mkono, na wakamtii kwa heshima. Lakini sharifu si liwali, na liwali si kadhi. Mgeni akishuka jahazini leo, akaona watu wanambusu sharifu mkono, akaandika katika daftari lake kuwa huyu ndiye mwenye mji, tutamcheka. Na akija kesho na hati ya kuununua mji, amemwekesha sharifu dole gumba chini yake, hapo hatutacheka tena.

Mambo ya utawala kwa Wamasai yalikuwa mikononi mwa wazee na marika. Taifa lao limegawanyika mafungu, kama Wapurko, Wakaputiei, Waloita na Wamatapato, na kila fungu lina nchi yake na malisho yake. Kila rika lina msemaji wake, aitwaye olaiguenani, anayechaguliwa kwa akili na ulimi mwema. Jambo likizuka, wazee huketi chini ya mti wakalizungumza mpaka likaiva. Hakuna mtu mmoja ambaye neno lake lilikuwa neno la Wamasai wote.

Mbatian alifariki karibu na mwaka 1890, na papo hapo fitina ikaingia nyumbani mwake. Yasimuliwa kwamba mzee huyo, hali macho yake yamekwisha nguvu, alimwambia mwanawe mkubwa Sendeyo aje alfajiri kupokea vyombo vya ulaiboni. Olonana akasikia, akamtangulia ndugu yake, na baba akampa yeye kwa kudhani ni Sendeyo. Waliosoma habari za Bani Israili katika vitabu vya Mayahudi na Wakristo watakumbuka kisa cha namna hiyo hiyo. Iwe ni kweli au ni ngano, vita vilivyofuata vilikuwa kweli. Wafuasi wa ndugu hawa wawili walipigana miaka mingi, Sendeyo akiwa na Waloita upande wa kusini, akaingia hata katika nchi iliyokuwa ya Wadachi, na hawakupatana mpaka mwaka 1902.

Fauka ya vita hivyo, Mwenyezi Mungu aliwateremshia Wamasai mitihani juu ya mitihani. Tauni ya ng'ombe ilishuka mwanzo wa miaka ya 1890, ikafagia mifugo ya Afrika Mashariki yote. Ilipopita tauni ikaja ndui, ikafagia watu. Njaa ikawakumba waliosalia. Watu walioogopwa na misafara yetu ya biashara kwa muda mrefu wakawa wanakwenda kwa jirani zao Wakikuyu kuweka rehani watoto ili wapate chakula. Olonana aliirithi fimbo ya baba yake katika hali hiyo, na ndiyo sababu alikwenda kwenye boma la Mwingereza huko Ukikuyu kutaka hifadhi. Wengine humlaumu kwa hilo. Mimi namwona kama nahodha aliyeingiza chombo katika bandari asiyoijua, kwa kuwa tanga limepasuka.

Sasa tushuke bondeni. Chini ya vilima vya Ngong, katika Kaunti ya Kajiado, upande wa kuelekea mlima Suswa, pana mji mdogo uitwao Ewuaso Kedong. Ewuaso ni mto kwa Kimasai, kama msomaji anavyolisikia neno hilo katika Ewaso Nyiro. Jina hilo lina siri ndogo ndani yake. Kimasai hugawa majina yake kwa uume na uke, na mto umewekwa upande wa uke. Kipande cha mbele cha neno ndicho kinachoonyesha. Upanga wa morani ni olalem, wenye alama ya kiume. Kisu kidogo ni enkalem, chenye alama ya kike. Ardhi ni enkop, nayo ni ya kike. Na Mungu kwao huitwa Enkai, kwa alama hiyo hiyo ya kike. Mimi niliyeanza kusoma chuoni kwa ubao na wino sikustaajabu sana, kwani mwalimu wetu alitufunza mapema kwamba kwa Kiarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, na ardhi ni ya kike vile vile. Kiswahili chetu kimekataa mambo hayo. Sisi tuna mtu na tuna yeye, basi. Ukitaka kujua ni mume au mke, sharti uulize. Lugha tatu, na kila moja humtazama mwanadamu kwa dirisha lake. Hakuna iliyo duni, lakini anayetoka dirisha moja akaingia la pili bila ya kuangalia hujikwaa.

Bonde hilo la Kedong ndilo lililomwagika damu mwezi wa Novemba 1895. Msafara wa serikali uliokuwa umepeleka chakula Eldama Ravine ulikuwa ukirejea Ukikuyu. Wapagazi wengi walikuwa Wakikuyu, na pamoja nao walikuwako Waswahili. Neno hilo nalo lataka kuangaliwa, maana katika madaftari ya misafara kila mtu aliyetoka pwani aliandikwa Mswahili, awe wa Mombasa, wa Unguja au wa Mrima, awe muungwana au mtumwa aliyekodishwa na bwana wake. Walipofika bondeni, baadhi ya watu wa msafara waliwashika kwa nguvu wasichana wa Kimasai. Morani wakawaangukia kwa mikuki, na watu mia kadhaa wakafa. Humo walikufa watu wa pwani wengi, waliozikwa na fisi na tai, na huku nyuma wake zao wakakaa eda bila ya kuona maiti. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Baada ya hapo mfanyabiashara mmoja Mwingereza, jina lake Andrew Dick, alitoka na Wafaransa wachache wakawashambulia Wamasai kwa bunduki. Wamasai wapatao mia moja waliuawa, naye Dick akauawa. Serikali ilipochunguza ikaona kwamba waliochokoza ni watu wa msafara, kwa hiyo Wamasai hawakupelekewa jeshi la kulipiza. Olonana aliyapima yote mawili. Aliona bunduki chache zilivyoweza kuangusha watu wengi kiasi kile, na aliona vile vile kwamba Mwingereza huweza kusema kuwa Mmasai ana haki. Tangu hapo akashika njia ya amani, na morani wengi wakawa wanafuatana na majeshi ya Waingereza katika vita vya kuwatiisha watu wengine, wakilipwa kwa ng'ombe. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, wala halifichiki.

Hebu tazama jina la kisa chenyewe. Vitabuni kinaitwa mauaji ya Kedong, na Dick ametajwa kwa jina lake. Wapagazi wamehesabiwa kwa mamia. Wale wasichana, ambao ndio sababu ya yote, hutajwa kwa neno moja tu, kisha wakapotea. Vijana wangu wa chuo kikuu wana neno la Kiingereza kwa jambo hili, la kuonyesha jinsi mwanamke anavyoachwa nje ya habari inayomhusu yeye mwenyewe. Sisi tunaweza kulieleza kwa Kiswahili cha kawaida: aliyedhulumiwa hakuulizwa.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ikapita katikati ya malisho ya Wamasai. Walowezi wakaja wakiitamani nchi ya Naivasha na Nakuru. Ndipo mwezi wa Agosti 1904 Kamishna Sir Donald Stewart alipowakutanisha wakubwa wa Wamasai, wakatia alama zao katika mkataba. Kwa mkataba huo Wamasai waliiacha nchi yao bora ya Bonde la Ufa, wakagawanywa mapande mawili, wengine kaskazini huko Laikipia na wengine kusini, upande wa Ngong na Kajiado. Waliahidiwa njia ya kuunganisha mapande hayo, na wakaachiwa maili tano za mraba huko Kinangop kwa ajili ya sherehe zao za tohara na marika. Kisha wakaahidiwa kuwa nchi hizo mbili zitakuwa zao maadamu Wamasai wapo duniani.

Katika karatasi hiyo Olonana ametajwa kuwa laiboni wa Wamasai wote. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza. Wakalimani waliufasiri kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kisha wengine wakaufasiri kutoka Kiswahili hadi Kimasai. Naam, msomaji, lugha yetu hii tunayoiimbia mashairi ndiyo iliyokuwa daraja. Fikiri basi neno la Kiingereza lenye maana ya mamlaka juu ya ardhi linavyoingia katika Kiswahili, ambamo mna sultani, liwali, jumbe na mwinyi, kisha likatoka humo likaingia Kimasai, ambamo hamna hata mmoja wa hao. Mtu wa pwani anajua wakfu ni nini. Mali ya wakfu haiuzwi na mtawalii, hata akiwa mcha Mungu, kwani amepewa kuitunza tu. Malisho ya Wamasai yalikuwa karibu na hayo, kwa maana yalikuwa ya fungu zima, waliopo na watakaozaliwa. Na laiboni hakuwa hata mtawalii wake.

Kuna jingine lililopungua katika karatasi hiyo. Miongoni mwa waliotia alama hakuna mwanamke. Wazee wataniambia kuwa mila zao ndivyo zilivyo, na hata kwetu mabaraza yalikuwa ya wanaume. Sawa. Lakini Umasaini nyumba hujengwa na mwanamke, kwa fito, udongo na samadi, na nyumba hiyo huitwa yake. Maziwa yakishakamwa, yeye ndiye mwenye kuyagawa. Kwa hiyo amri ya kuhama ilipotoka, aliyebomolewa ni mwanamke, na aliyetakiwa kujenga upya katika nchi asiyoijua maji yake ni mwanamke. Mila zenyewe zilimpa nyumba, na mkataba haukumjua kuwa ana nyumba.

Ahadi ya maadamu Wamasai wapo ilidumu miaka saba. Walowezi wakaitamani Laikipia nayo, na serikali ikataka Wamasai wa kaskazini wahamie kusini. Katika mashauri hayo Olonana akafariki, mwezi wa Machi 1911. Maofisa wakatangaza kwamba katika wasia wake aliwataka watu wake waitii serikali na Wamasai wa kaskazini wahame. Katika sheria yetu wasia una masharti yake, na mashahidi wawili waadilifu wanatakiwa kuwapo, kwa sababu maiti hawezi kusimama akasema hakusema. Wamasai wengi wameutilia shaka wasia huo tangu siku ile, na waliounadi zaidi walikuwa wenye kuuhitaji.

Haukupita muda, Aprili 1911 mkataba wa pili ukatiwa alama. Hapa ndipo msomaji ataona kazi ya neno. Mkataba wa kwanza ulikuwa na laiboni. Huu wa pili una chifu mkuu wa Wamasai wote. Chifu huyo aliyeandikwa ni Seggi, mwana wa Olonana, ambaye alikuwa kijana bado hata ikabidi awekewe wasimamizi. Baba alikuwa mtu wa kuombwa dua, mwana akawa mtawala wa taifa zima, na kati yao hapana mkutano wowote wa wazee ulioubuni ufalme huo. Cheo kilizaliwa ndani ya kalamu ya serikali, kikarithiwa kama kwamba kilikuwapo tangu enzi za mababu.

Wazee wa kaskazini, akiwamo Legalishu, waliona wamebanwa. Kuhama kulipoanza mwaka 1911 njia za Mau zilijaa, mvua na baridi zikaua mifugo na watu, mpaka serikali ikasimamisha kwa muda. Kisha Wamasai wakafanya jambo ambalo wengi hawakulitazamia: wakaajiri mawakili, wakaishtaki serikali. Kesi hiyo, ijulikanayo kwa jina la Ole Njogo, ilisikizwa hapa hapa kwetu Mombasa, katika Mahakama Kuu, mwaka 1913. Wamasai walidai kwamba mkataba wa pili ulivunja ule wa kwanza. Mahakama ikajibu kwa neno moja zito la Kiingereza. Ikasema karatasi zile hazikuwa mapatano ya raia na serikali. Zilikuwa mapatano ya dola mbili, na Wamasai ni watu wa dola ya kigeni, hivyo korti haina uwezo wa kuisikiza kesi yao. Rufani nayo ikatupwa Desemba mwaka huo huo.

Zingatia hapo, msomaji. Watu walioamrishwa kuhama na polisi, waliotozwa kodi, waliowekewa mipaka ya kuchungia, siku walipobisha mlango wa haki waliambiwa kuwa wao ni taifa huru la kigeni. Jina la chifu mkuu lilitumika kuwaondoa, na jina la dola likatumika kuwanyamazisha. Maneno yote mawili yalikuwa ya kuwatukuza. Mtu akikutukana kwa jina baya utajua na utajibu. Akikutukuza kwa jina lisilo lako, waweza kumshukuru kabla hujauona mfuko wake.

Je, Olonana alikuwa msaliti? Swali hilo huulizwa sana, na majibu hufuata upande anaotoka mjibu. Mimi nikiyatazama maisha yake namwona mtu aliyerithi watu waliokwisha kwa maradhi na vita vya ndugu, akatafuta amani kwa mwenye bunduki, akapata faida yake pia, na mwishowe akavishwa kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Aliivaa. Hilo ni lake na hesabu yake iko kwa Mola. Lakini kanzu hiyo ilipovuliwa maitini ikavishwa mtoto, hapo hatuwezi kumlaumu yeye peke yake. Na sisi wenye Kiswahili, tuliokuwa daraja, tusijifanye tulikuwa mbali.

Wamasai hawakusahau. Agosti 2004, mkataba ulipotimiza miaka mia moja, waliandamana Nairobi na Laikipia kudai nchi yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeweka, katika kanuni zake za ardhi, kuondoshwa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi na mali. Hayo ni maneno mazuri, na neno jinsia humo limetokana na jinsi, tuliyoichukua zamani kwa Kiarabu tukaifanya yetu. Lakini neno zuri katika karatasi tumekwisha kuliona, mwaka 1904.

Basi nyinyi vijana mnaotuletea maneno ya Kiingereza ya kumwambia mtu yeye ni nani, yaleteni, nasi tutayapima. Chuoni tulifunzwa kwamba irabu moja ikiteleza maana yote hugeuka, na mwalimu hakuturuhusu kuendelea mbele mpaka tumeisahihisha. Fanyeni vivyo hivyo. Neno la jinsia likitaka kuingia Umasaini, lipitieni kwa yule mama aliyejenga nyumba, mumuulize yeye mwenyewe huitwaje na anamiliki nini, kabla hamjaliandika katika karatasi ya kutiwa dole gumba. Wallahu aalam.